Mita 60 za Msimbazi: sheria inapima umbali, mafuriko yanapima kimo

Mwishoni mwa 2015, ukishuka Kinondoni Mkwajuni, Dar es Salaam, kuelekea bonde la mto Msimbazi, ulikuwa unapokelewa na herufi moja ukuta baada ya ukuta: X nyekundu, imepigwa kwa brashi, na pembeni yake neno BOMOA. Matingatinga yaliingia Desemba. Wiki chache baadaye wakazi walikuwa mahakamani, zoezi likasimama, na X nyingi zikabaki pale pale mpaka jua na chokaa vikazifuta.

Haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa bonde la Msimbazi kuambiwa waondoke. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Dar es Salaam haijaiona tangu 1954. Watu takriban 40 walikufa. Serikali ikatoa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji kwa wakati ule, na familia za bondeni zikapakiwa na vyombo vyao. Baadhi wakatulia huko. Wengine waliuza au kupangisha, wakarudi, maana mtu anayeshusha mizigo Kariakoo alfajiri hawezi kulala Mabwepande na kibarua kikaendelea kumsubiri.

Tangu hapo kila masika mjadala ni ule ule. Upande mmoja unasema wa mabondeni ni wakaidi, wameambiwa wahame hawasikii. Upande wa pili unasema ni wanyonge wanaoonewa. Nimesikiliza pande zote mbili kwa miaka na naona zinagombania mtu, wakati kasoro iko kwenye kipimo. Dar es Salaam inasimamia mafuriko kwa futi kamba iliyolazwa chini, na mafuriko hayatambui futi kamba iliyolazwa chini. Yanatambua kimo.

Kipimo chenyewe ni kile ambacho kila aliyewahi kununua kiwanja karibu na mto amekisikia: mita 60. Kipo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kipo katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kabla ya hizo Sheria ya Ardhi ya 1999 iliitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto kati ya zile zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria tatu, wizara tofauti, namba moja. Kwa mtendaji wa kata hiyo ni raha: haihitaji hesabu wala mhandisi.

Sasa ichukue namba hiyo uende nayo mtoni. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unakusanya maji ya vijito kama Sinza, Ubungo na Luhanga, kisha unaingia baharini pale Salenda. Kule juu umejikata ndani ya makorongo. Mtu aliyejenga mita 40 kutoka kwenye maji anaweza kuwa amekaa juu ya mlima, mto unapita chini yake kimo cha nyumba mbili, na hajawahi kuona maji yakimkaribia. Kwa sheria huyo ni mvamizi. Teremka hadi Jangwani, kati ya Magomeni na Kariakoo. Hapo bonde linafunguka mamia ya mita, tambarare kama sinia, na ukingo wa mto ni kitu cha kubishania kwa sababu unahama kila mvua kubwa inapoleta mchanga. Mtu aliye mita 150 kutoka kwenye mkondo analala na maji ya kifua. Kwa sheria huyo yuko salama.

Yaani kipimo kile kile kinamhukumu asiyefikiwa na maji na kumwachia anayezama. Halafu tunashangaa watu wakienda mahakamani.

Sisemi mita 60 ni upuuzi. Kingo za Msimbazi zinamomonyoka. Kuna sehemu za Kigogo na Tabata ambako nyumba zimeliwa moja moja, choo kwanza, jiko, halafu chumba cha nyuma. Dhidi ya mmomonyoko, umbali ni ulinzi wa maana. Pia ni ulinzi wa maji yenyewe dhidi ya takataka na kilimo cha kingoni, na nadhani hilo ndilo watunga sheria walikuwa nalo kichwani, kwani kifungu chenyewe kinazungumzia uhifadhi wa kingo za mito, maziwa na fukwe kwa pamoja. Ni sheria ya mazingira. Tumeichukua tukaifanya sheria ya mafuriko kwa sababu sheria ya mafuriko yenyewe hatuna.

Jirani zetu Kenya walikaribia zaidi. Kanuni zao za ubora wa maji za 2006 zinahesabu mita 6 hadi 30 kuanzia pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika juu kabisa. Kuanzia kwenye alama ya mafuriko badala ya ukingo ni hatua kubwa ya akili. Lakini alama hiyo lazima iwe imeandikwa mahali fulani; isipoandikwa hakuna anayejua pa kuanzia kupima, na ndiyo maana Nairobi wamebomoa majengo makubwa, Ukay Centre ikiwemo mwaka 2018, huku wenye mali wakionyesha hati na vibali vyenye mihuri ya serikali. Mvua za 2024 zilipowakuta watu wa Mathare, amri iliyotoka ilikuwa ya umbali tena: mita 30, ondokeni.

Twende ofisini, kwa sababu kazi hii hufanyika ofisini kabla ya kufanyika bondeni. Afisa mipango miji wa halmashauri anapokea ombi la kibali cha ujenzi. Mbele yake kuna ramani ya kiwanja, michoro ya nyumba, barua ya serikali ya mtaa. Hakuna karatasi inayomwambia maji yatapanda hadi kimo gani kwenye kiwanja hicho. Kwa hiyo majibu anayoweza kutoa ni mawili tu: ndiyo au hapana. Hawezi kusema jibu la tatu, ambalo ndilo muhimu kuliko yote: jenga, lakini sakafu yako ianze hapa, msingi uwe wa namna hii, na shimo la choo lisiwe upande ule.

Jibu hilo la tatu wakazi wamejitungia wenyewe. Pita Magomeni ya bondeni utaona kizingiti cha saruji kimejengwa mlangoni hadi magotini, unakiruka ndipo uingie ndani. Utaona soketi za umeme zimepandishwa usawa wa mabega, kitanda kimewekwa juu ya matofali, ukuta wa nyuma umekingwa kwa matairi chakavu yaliyojazwa mchanga. Kila nyumba ina mstari wa tope ukutani na mwenye nyumba anakutajia mwaka wake: huu wa 2011, ule wa chini wa 2014. Ni uhandisi wa kweli, ila kila mtu amekisia kivyake. Mwenye kizingiti kirefu anamsukumia maji jirani. Mwenye kujaza kifusi kiwanja chake anainua maji ya mtaa mzima.

Na serikali nayo imekisia. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde lile lile ambalo raia walikuwa wakihamishwa. Huduma ilianza Mei 2016. Haikupita muda mrefu kabla maji hayajaingia, na mwaka 2018 mabasi yakaharibika yakiwa yameegeshwa. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, nusu ya jiji inatembea kwa miguu. Hili si la kucheka, ingawa wakazi wa mtaa wa Suna, Magomeni, wana haki ya kutabasamu kidogo. Linaonyesha kwamba mradi mkubwa wenye wataalamu na fedha za wahisani ulikwama mahali pale pale alipokwama fundi wa mtaani: hakukuwa na mstari wa kimo ambao mtu yeyote, awe mwenye kibanda au wizara, alilazimika kuuheshimu.

Kuna mji mmoja Marekani unaofaa kutazamwa hapa, na si kwa sababu ni tajiri. Tulsa, Oklahoma, ulikuwa na sifa mbaya ya mafuriko. Mei 1984, usiku wa wikiendi ya mapumziko, mvua ilishuka kwa saa chache na watu 14 wakafa. Kabla ya hapo Tulsa ilikuwa na kanuni, ilikuwa na ramani, na ilikuwa na madiwani waliozipindisha kila mwenye kujenga alipobisha hodi. Baada ya hapo waliamua mambo machache na wakayashikilia kwa miaka arobaini.

La kwanza, mstari. Mpango wa bima ya mafuriko wa Marekani, uliotokana na sheria ya 1968, unaitaka kila manispaa inayojiunga ifuate ramani ya serikali kuu inayoonyesha eneo litakalofikiwa na mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na sakafu ya makazi mapya isiwe chini ya kimo hicho. Asilimia 1 inasikika kama kitu cha wajukuu. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 26. Tulsa wakaenda mbali zaidi: ramani yao ya kudhibiti ujenzi inachora mafuriko yatakayotokea siku ambayo kila kiwanja cha juu ya mto kitakuwa kimeshajengwa. Hawakuchora mto wa leo.

La pili, waliondoa majengo mengi kutoka mabondeni, kwa mamia, na walifanya hivyo kwa kuyanunua. Ardhi iliyobaki ikawa viwanja vya michezo na mabwawa ya kuzuilia maji, vitu ambavyo maji yakiingia usiku hakuna anayekufa.

La tatu, wakaanzisha ada ya maji ya mvua. Kila mwenye mali analipa kwa mwezi, na wenye biashara hulipa kulingana na ukubwa wa eneo walilolifunika kwa paa, lami na zege. Mwenye maegesho makubwa analipa zaidi ya mwenye kibanda na shamba. Fedha inaingia kwenye mfuko wa mitaro na haitoki humo kwenda kununua magari.

Leo mji huo uko daraja la juu kabisa katika orodha ya taifa ya manispaa zinazosimamia mabonde, na mwenye nyumba aliye kwenye eneo la hatari anapata punguzo la asilimia 45 kwenye bima yake. Tuliamini kwa muda mrefu kwamba wenzetu wana nidhamu kwa sababu wana hela. Tulsa walizika watu kwanza.

Kuna jambo lingine katika mfumo wa Marekani ambalo kwangu ni zito zaidi ya ramani. Chini ya Sheria ya Maji Safi ya 1972, na kanuni zilizofuata mwaka 1990 kwa miji mikubwa na 1999 kwa midogo, mtaro wa manispaa unahitaji leseni. Anayeomba leseni ni manispaa. Anayetakiwa kuandika kila mwaka amefanya nini kuzuia tope la ujenzi lisiingie mtaroni, amekagua wapi mabomba ya siri yanayomwaga uchafu, amewaeleza nini wananchi, ni manispaa. Na isipotimiza, inaweza kushtakiwa. Kwetu mshale umeelekezwa upande mmoja. Mwenye nyumba anakaguliwa, anaandikiwa X, anatozwa faini. Halmashauri haikaguliwi na mtu kuhusu mtaro wake isipokuwa na mvua.

Haraka niseme pia wapi mfano huo unachechemea. Houston mwaka 2017, kimbunga Harvey, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya mstari wa ramani. Watu walikuwa wameuchukulia mstari kama ukuta: nje yake hakuna bima, hakuna tahadhari. Ramani ikizeeka inadanganya kwa sauti ya kitaalamu. Na Dar es Salaam haina soko la bima ya nyumba la kuwashurutisha watu. Sehemu kubwa ya jiji imejengwa bila kupimwa, na watu wana leseni za makazi, karatasi za kuuziana kwa mwenyekiti wa mtaa, au hawana kitu. Huwezi kuchukua kitabu cha Oklahoma ukakitandika Vingunguti.

Lakini mstari wa kimo unaweza kuchorwa hapa, na kwa kiasi fulani umeshachorwa. Ramani Huria, mradi ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe kupita kata kwa kata wakichora mitaro, makalavati, nyumba, na pale maji yanapofika. Droni zikapiga picha za juu. Takwimu za mwinuko wa ardhi zipo. Kilichokosekana ni mkono wa kuzitoa kwenye kompyuta na kuzifikisha kwenye meza ya yule afisa mwenye ombi la kibali.

Pendekezo langu la kwanza ni la rangi. Badala ya X nyekundu, halmashauri zipake mstari wa bluu kwenye nguzo, kuta za shule, misikiti na makanisa ya bondeni, kuonyesha kimo ambacho maji yalifika 2011 na kimo kinachotegemewa. Mstari ule uwe ndio masharti ya kibali, na uwe ndio msingi wa mazungumzo ya kuhama. Mtu anayeambiwa “uko mita 52” atatafuta mpimaji wa kumpa 61. Mtu anayeambiwa “mstari ni ule pale, juu ya dirisha lako” hana pa kubishia, hasa kama ni yeye aliyeonyesha tope lilipofika.

Tukishakubali kimo, tunalazimika kutazama juu ya mto, na huko ndiko siasa zinakuwa ngumu. Kimo cha maji Jangwani kinaamuliwa Kinyerezi, Ukonga na Kimara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hao milioni moja wa ziada hawakwenda kujenga Jangwani. Wamejenga kwenye vilima vya pembezoni, wamekata miembe na mikorosho, wamepiga bati, wamesakafia ua wote kwa pevingi ili gari lisikanyage matope. Kila mmoja wao yuko zaidi ya mita 60 kutoka mtoni, ana kibali au yuko kwenye urasimishaji, ni raia mwema. Maji yaliyokuwa yanazama kwenye mchanga wake sasa yanateremka kwa dakika. Nikiulizwa nani amewafurisha watu wa Magomeni, siwezi kuanza na watu wa Magomeni.

Hata kazi nzuri inaweza kuongeza mzigo. Mto Ng’ombe, unaopita Tandale na Mwananyamala, umejengewa kingo za zege chini ya mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP. Kwa watu wa Tandale ni neema. Waliokuwa wakilala juu ya meza wanalala kitandani. Lakini mfereji laini hupeleka maji haraka, na yanakwenda kule kule chini. Ukizidisha hilo mara idadi ya mitaro mipya ya jiji, unapata maji mengi yanayofika Jangwani kwa wakati mmoja. Siku hiyo ikiwa bahari iko kwenye bamvua, maji yakijaa zaidi ya mita 3 juu ya kupwa, mto unafika Salenda unakuta mlango umefungwa. Unarudi nyuma, kwenye vitanda vya watu.

Dawa yake inajulikana: mwenye kujenga kitu kikubwa juu ya mto azuie maji yake kwenye kiwanja chake, kwa tangi, bwawa dogo au ardhi iliyoachwa wazi, kisha ayatoe taratibu. Masharti hayo hayamgusi mwenye vyumba viwili. Yamguse mwenye ghala, kituo cha mafuta, ukumbi wa harusi wenye maegesho ya magari 200, na shule binafsi iliyosakafia kiwanja chote. Hao wana wahandisi, wana vibali, wanapatikana. Ni ajabu kwamba sheria imewafuata zaidi wasiopatikana.

Na mitaro? Hapa nikiri nina hasira kuliko uchambuzi. Simama pembeni ya mtaro wowote siku ya kusafisha. Vijana wameingia na sepeto, wanatoa tope jeusi, mifuko, chupa za maji, nywele za bandia, kandambili. Wanalirundika wapi? Ukingoni, hatua moja kutoka kwenye mtaro. Linakaa hapo siku, wiki, lori halijaja. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani, na mkandarasi ameshalipwa kwa mita alizochimba. Mbele kidogo kuna mabomba ya maji ya wakazi yamekatiza mtaro kama kamba za kuanikia, kila moja limenasa takataka zake. Mbele zaidi mtu anajenga. Mchanga wake lori limeumwaga barabarani, nusu utaishia kwenye kalavati. Na mvua ikichachamaa usiku, kuna wanaotapisha vyoo, wanafungua tundu la chini la shimo ili mvua ichukue bila gharama ya gari la majitaka. Kipindupindu kinachofuata hakihitaji upelelezi.

Ukitaka kulalamika, kwa nani? Mtaro wa barabara ya mtaa ni wa TARURA. Wa barabara kuu ni wa TANROADS. Takataka zilizomo ni za halmashauri. Bomba lililokatiza na majitaka ni DAWASA. Mto unapoingilia ni wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kingo zake ni za NEMC, baraza la mazingira. Mto wenyewe ni mpaka kati ya Ilala na Kinondoni, na sehemu nyingine ya bonde iko Ubungo, wakati milima unakoanzia ni Kisarawe, mkoa mwingine kabisa. Kila mmoja ana sheria yake na kila mmoja akiulizwa anaonyesha upande wa pili kwa heshima zote. Bonde linahitaji msimamizi mmoja mwenye uwezo wa kukataa kibali Kimara kwa sababu ya kimo cha maji Magomeni, na mwenye kulazimika kila mwaka kutoa taarifa ya hadhara. Hata kama ni ofisi ndogo ndani ya mkoa, bora iwe na jina juu ya mlango.

Fedha ipo karibu kuliko tunavyodhani. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: kwa nyumba ya kawaida ilianza Sh1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa Sh1,500. Ni ukusanyaji rahisi, lakini kipimo chake ni mita ya umeme na ghorofa. Mwenye ua wa miti na mwenye ua wa zege wanalipa sawa. Sipendekezi tozo mpya juu ya zilizopo; watu wamechoka na tozo, na wana haki. Napendekeza sehemu ya hii hii, iliyotajwa kwa jina, iwekwe kwenye mfuko wa mitaro wa bonde, na maeneo makubwa ya biashara yaliyosakafiwa yatozwe kwa ukubwa wa sakafu. Picha za juu za kupima sakafu hizo tunazo.

Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, Hispania na Uholanzi zikaongeza zao. Mpango ni kuchimba na kupanga upya bonde la chini, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuihamisha karakana ya mwendokasi na kugeuza sehemu kubwa kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika. Safari hii wakazi wanalipwa fidia, jambo ambalo X ya 2015 haikuwa nalo. Ni mpango mzuri, na kimsingi ni kukubali kwamba kimo ndicho kinachotawala: bonde linashushwa, daraja linapandishwa. Wasiwasi wangu ni wa baada ya kamera kuondoka. Mto huu unabeba mchanga wa Pugu kila msimu. Bonde lililochimbwa litajaa tena, na mitego ya mchanga isipozolewa daraja jipya litakuwa limesimama juu ya bonde lililopanda kulifuata. Mikopo hujenga, haizoi mchanga mwaka wa kumi na mbili.

Mvua za mwanzoni mwa 2024 ziliua watu 155 nchini kote kwa hesabu ambayo Waziri Mkuu aliitoa bungeni Aprili mwaka ule. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha mapema. Tahadhari ilikutana na mitaro iliyojaa, na hapo kuna suala dogo la kalenda ambalo hakuna anayelipigia kelele. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vuli inaanza Oktoba. Kati ya hapo kuna miezi mitatu mikavu, ndiyo pekee ya kusafisha mitaro, na ndiyo miezi ambayo fedha bado “hazijashuka”, zabuni bado zinatangazwa, mkataba haujasainiwa. Wasafishaji wanaingia mtaroni Novemba, maji yakiwa kiunoni.

Mikataba hiyo inaweza kusainiwa kwa miaka mitatu badala ya mmoja, ili Julai ikifika mkandarasi awe tayari kazini. Alipwe kwa tope lililopimwa dampo, si kwa mita za mtaro. Na orodha ya mitaro, na jina la anayehusika na kila kipande, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata kabla ya Agosti kuisha, ambapo kila mtu anaweza kwenda na kuisoma na kurudi kuangalia kama rundo la tope bado liko ukingoni.